Tutoke Nje ya Ua wa Kanisa

Masomo: Warumi 1:8–15 na Yohana 4:1–42



 

Siku moja halmashauri ya mtaa wetu ilikaa kupanga mkutano wa Injili. Tulikwisha kuandika gharama zote: mafuta ya jenereta, kukodi vipaza sauti, nauli ya mhubiri mgeni, mchele na maharage ya wanakwaya. Tulipokaribia kufunga kikao kwa sala, mzee mmoja, ambaye kwa kawaida husinzia vikaoni, akainua mkono. Akasema, “Ndugu, kabla hatujawahubiria watu hawa, naomba kujua jambo moja. Sisi tunawadai, au wao ndio wanaotudai?”

Watu walicheka. Kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alianza kuhesabu moyoni mwake. Sala ya kufunga ilikuwa fupi sana siku ile. Neno tunalowaandikieni leo lilianzia hapo.

Makanisa yetu mengi huku Kasulu na Kibondo yamezungushiwa ua wa minyaa. Wazee wetu waliipanda ili mbuzi wasiingie, na hatuna neno juu ya hilo. Lakini ua ukikaa miaka mingi huanza kuzuia mengine kuliko mbuzi. Kila Jumapili twagonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini, nasi twaingia. Wasioingia twasema mioyo yao ni migumu. Watoto wa jirani husimama nje wakichungulia kati ya matawi, wakiimba pamoja na kwaya bila kukosea hata neno, na wengi wetu hatujui majina yao. Halafu mara moja kwa mwaka twatoka na vipaza sauti, tukawahubiria wazazi wao kwa siku tatu, tukahesabu walioinua mikono, tukarudi ndani.

Hatusemi kwamba mkutano wa Injili ni kitu kibaya. Wako kati yetu waliookoka katika mikutano ya namna hiyo, nao wangali wanasimama. Tunalosema ni kwamba mkutano si mwanzo. Kuna kazi iliyo mbele yake, nayo haihitaji jenereta.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakristo wa Rumi, ajiita mdeni. Ni neno la ajabu, maana hakuwa amekopa kitu kwao. Mji wenyewe alikuwa hajauona. Lakini alijua kwamba alichopewa na Kristo hakukipewa kiwe chake peke yake. Tufikiri juu ya mtu aliyepewa dawa Kigoma mjini ampelekee mgonjwa aliye Kibondo, naye akafika nyumbani kwake Kasulu akaiweka kabatini. Siku atakapoipeleka, je, tutamwita mkarimu? La. Tutamwuliza kwa nini amechelewa. Ndivyo Paulo alivyojiona mbele ya Wayunani na wasio Wayunani, wenye hekima na wasio na hekima. Hakuwaendea kama mfadhili. Aliwaendea kama mtu aliyechelewa kulipa.

Sasa mtazame Bwana mwenyewe pale kisimani Sikari. Amechoka na safari, ni saa sita mchana, jua ni kali. Anakuja mwanamke Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo. Bwana anayo maji ya uzima, na sisi tulidhani angeanza kwa kumpa. Lakini aanza kwa kumwomba. Anaomba maji, wala hana chombo cha kutekea. Mwanamke mwenyewe analisema hilo waziwazi. Kisima ni kirefu, ndoo ni ya mwanamke, kamba ni ya mwanamke. Bwana wa mbingu na nchi amekaa pale akingoja hisani ya mtu ambaye jirani zake hawakutaka hata kutembea naye asubuhi.

Sisi twapenda kufika kisimani na ndoo yetu. Twapenda kumtembelea jirani tukiwa na mfuko wa nguo za mitumba au kilo mbili za sukari, tukampa, tukapiga picha, tukaondoka. Yeye amepokea, lakini amebaki chini, na sisi tumebaki juu. Hakuna aliyemwuliza anajua nini. Bwana alipowatuma wale sabini, kama tusomavyo katika Luka sura ya 10, aliwaagiza wasichukue mfuko, wakae katika nyumba watakayopokewa na kula watakachowekewa. Maana yake walikwenda wakiwa wahitaji. Ilikuwa lazima wapige hodi, wasubiri, wale ugali wa mwenye nyumba. Mwinjilisti asiyekula kwa jirani yake kwa kuogopa heshima yake kupungua, huyo angali ndani ya ua.

Yafaa tukumbuke jinsi kanisa lilivyofika kwetu. Wamisionari wa CMS kutoka Australia walipoanza kazi katika nchi hii ya Waha katika miaka ya 1930, hawakujenga kanisa peke yake. Kando ya kanisa palikuwa na darasa na palikuwa na dawa. Mwaka 1966 ilipoanzishwa Dayosisi ya Western Tanganyika, Kasulu ikiwa makao yake na Musa Kahurananga akiwa askofu wake wa kwanza, njia hiyo ya shule na zahanati ilikwisha kuzoeleka. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zikawa za serikali. Hatulalamiki, maana watoto wa watu wote walipata nafasi, wa Wakristo na wa wasio Wakristo. Ila tukiri jambo moja. Tulikuwa tumezoea kumfikia jirani kwa njia ya mtoto wake aliyekuja darasani. Shule ilipotoka mikononi mwetu, wengi wetu hatukujifunza njia nyingine ya kupiga hodi.

Lakini njia nyingine ilikuwapo, na wazee wetu waliiona kwa macho. Uamsho ulioanzia Gahini katika nchi ya Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Burundi, Uganda, na upande huu wetu, haukuwa na majengo wala bajeti. Ndugu walitembea kwa miguu, wawili wawili. Na jambo lililowashangaza watu wa vijijini kuliko nyimbo zao ni kwamba waliookoka walirudisha vitu. Mtu alifika kwa jirani yake mchana kweupe akiwa na jembe begani, akasema, “Jembe hili nilikuibia, nimelileta, unisamehe.” Aliyehama mpaka wa shamba usiku alikwenda akaurudisha mbele ya mashahidi. Jirani aliyekuwa mpagani hakuelewa mafundisho yote juu ya damu ya Yesu, ila jembe lake alilifahamu. Akauliza ni nani aliyewaambia mfanye hivi, na hapo mahubiri yakaanza. Zakayo alifanya vivyo hivyo katika Luka 19: Bwana alitangaza wokovu katika nyumba ile baada ya Zakayo kusimama na kutaja hesabu.

Basi, tunaposema tuwafikie jirani, jirani zetu ni nani? Huku kwetu hatuwezi kulijibu swali hilo bila kutazama mpaka. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao wakaja Kigoma, na baadaye wengi wakapelekwa kukaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na watu wakavuka tena kwa maelfu kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Kabla kambi hazijapangwa, wengine walilala katika nyumba za wanavijiji. Haikuhitajiwa mkalimani. Kiha na Kirundi ni kama watoto wa mama mmoja, na mtu aliyesema “amahoro” akiwa ng'ambo alieleweka upande huu. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine kutoka Kivu ya Kusini, nao wakawekwa Nyarugusu, upande wa Makere. Zikawapo Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta, Mtendeli na nyinginezo, majina ambayo hapo zamani yalijulikana na warina asali tu.

Mwisho wa mwaka 1997 ikaja amri, na wakimbizi waliokuwa wakiishi vijijini wakakusanywa na kupelekwa kambini. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa nasi miaka mingi, wenye mashamba, wengine wameoa au kuolewa kwetu. Serikali ilikuwa na sababu zake za usalama, na gazeti hili si mahali pa kuzihukumu. Twajiuliza tu sisi wenyewe. Watu walioketi nasi kwenye benchi moja Jumapili iliyotangulia waliondolewa, na Jumapili iliyofuata tukaimba kama kawaida. Ni wangapi kati yetu waliokwenda kuwatazama? Tangu wakati huo mkimbizi alikatazwa kwenda zaidi ya kilometa 4 kutoka kambini bila kibali, lakini hakuna aliyetukataza sisi kuomba ruhusa na kwenda kwake.

Kanisa kwa ujumla halikulala, na haki isemwe. Chama cha Kikristo cha kuwahudumia wakimbizi, TCRS, kilichoanzishwa mwaka 1964, kilifanya kazi katika makambi ya mkoa huu, na makanisa mbalimbali yalituma chakula, wauguzi na wachungaji. Lakini mtaa mmoja mmoja, sisi tulio karibu kabisa, mara nyingi tulidhani kwamba kwa kuwa wakubwa wamefika na malori, kazi yetu imekwisha.

Tena wakimbizi wenyewe ndio waliotufundisha. Mwaka 2015 fujo zilipoanza tena Burundi, makumi ya maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile kongwe, ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, na kutoka hapo wakapandishwa mabasi hadi Nyarugusu. Kambi iliyokuwa na watu wapatao 60,000, wengi wao Wakongo, ikawa na zaidi ya 150,000 kwa muda wa miezi michache. Mahema hayakutosha. Wageni walilazwa katika madarasa na katika makanisa ya humo kambini. Fikirini, ndugu. Makanisa yale yalikuwa yamejengwa na wakimbizi, kwa udongo na matofali mabichi waliyoyafyatua wenyewe. Watu waliokimbia mwaka 1996 waliwapisha watu waliokimbia mwaka 2015. Hawakuwa na akiba, hawakuwa na ardhi, hata ruhusa ya kwenda sokoni ilikuwa ya mashaka, nao walifungua milango ya nyumba ya sala. Sisi wenye hati za viwanja tulikuwa na majengo ambayo hufungwa kufuli kutoka Jumatatu hadi Jumamosi.

Hapo pana ugumu ambao hatuna budi kuutaja, maana tukiuficha mahubiri yetu hayatakuwa na ladha. Wanavijiji nao walikuwa na malalamiko ya kweli. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni za maelfu ya mafiga, hata vilima vikabaki vitupu. Migomba ilikatwa usiku. Palitokea wizi wa silaha, na watu waliogopa barabara. Mama aliyekuwa akitembea mwendo mfupi kutafuta kuni alianza kutembea nusu ya siku. Na huyo mama aliona malori ya unga yakipita mbele ya mlango wake yakielekea kambini, naye hana dawa katika zahanati ya kijiji. Je, alikuwa na dhambi kwa kunung'unika?

Tusome Matendo ya Mitume sura ya 6. Katika kanisa la kwanza kabisa, wajane waliosema Kiyunani walipunjwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwakemea wanaonung'unika. Hawakusema kwamba Wakristo wa kweli hawalalamiki. Walichagua watu saba washike kazi ile, na ukiyasoma majina yao utaona yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao, ambaye alikuwa mwongofu wa Antiokia. Meza ilikabidhiwa mikononi mwa wale waliokuwa wamepunjwa. Twadhani hilo ni fundisho kubwa kuliko tunavyolihesabu. Halmashauri ya kanisa inayotaka kuwasaidia wajane wa kijiji, na ndani yake hakuna hata mjane mmoja, bado haijafika Matendo 6. Hata mashirika yalijifunza polepole, yakaanza kuchimba visima na kujenga madarasa katika vijiji vilivyo karibu na kambi, si kambini tu.

Na kuna lile ambalo ni vigumu kuliandika katika gazeti la kanisa. Katika njia hizo za kuni wanawake wakimbizi walishambuliwa na kunajisiwa, na mara nyingine wanaume waliowafanyia hivyo walikuwa watu wa vijiji vyetu. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ndefu juu ya mateso ya wanawake katika makambi ya wakimbizi ya Tanzania. Mambo hayo yalijulikana sokoni na vilabuni. Kanisani hayakutajwa. Tulikuwa tukihubiri juu ya mwanamke wa kisimani, na nje ya ua wetu mwanamke alikuwa akiogopa kwenda kuni. Ikiwa siku zile wanaume kumi tu wa kila mtaa wangekubali kusindikiza watafuta kuni kwa zamu, pamoja na wazee wa kijiji na wa kambi, huenda tungeshuhudia zaidi kuliko kwa mikutano mitano. Haya tunayasema kwa aibu, si kwa kuwanyoshea wengine kidole.

Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Mtendeli mwaka 2021. Watu wengi walirudi kwao. Lakini mpaka ungali pale pale, Mabamba pangali pale, Manyovu pangali pale, na njaa haisomi ramani. Kila mwaka mvua zinapokaribia, mwezi wa Septemba na wa Oktoba, vijana huvuka kutoka Burundi kuja kutafuta vibarua vya kulima. Hulima mahindi, maharage na mihogo yetu. Hulala mashambani. Na hapa ndipo tunapolifikia swali la yule mzee.

Wako watu katika wilaya zetu, na msitufiche kwamba baadhi yao hushiriki Meza ya Bwana, ambao humwahidi kijana fedha zake baada ya mavuno. Analima, anapalilia, anavuna. Siku ya malipo ikifika, mwenye shamba humtisha kwamba atamtaja kwa wakubwa kuwa hana kibali. Kijana hukimbia usiku, mikono mitupu. Mwenye shamba huvuna mara mbili. Jumapili huleta gunia la mahindi kama sadaka ya mavuno, nasi tunapiga makofi.

Yakobo 5:4 husema juu ya ujira uliozuiliwa kwamba wenyewe hupiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kumbukumbu la Torati 24:14–15 lataja waziwazi kwamba kibarua, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa yeye ni maskini na moyo wake waitumainia. Musa hakuuliza kwanza kama mgeni huyo ana barua. Tusieleweke vibaya. Sheria za nchi juu ya vibali tuzitii, na mtu asiyetaka matata asimwajiri asiye na ruhusa. Lakini aliyelima amelima. Jasho lake liko ndani ya ghala lako, na halitoki kwa kumtisha.

Vibarua hao wana mama na wake na rafiki, hurudi vijijini kwao na kueleza. Wanapoulizwa Wakristo wa Kasulu au wa Kibondo ni watu wa namna gani, wanayo majibu. Kipaza sauti chetu hakifiki huko, lakini habari zetu hufika. Na majirani wetu wa hapa hapa nao huona yote: fundi baiskeli Mwislamu aliye mbele ya kanisa, mama muuza mawese, vijana wa bodaboda, ndugu zetu wa Katoliki na wa Pentekoste. Wanajua nani kati yetu halipi. Mahubiri yanapoanza, wao husikiliza kwa sikio moja na kuhesabu kwa jingine.

Mtaniuliza, basi kanisa lifanye nini? Twaweza kuwaambieni tu tulilolifanya sisi, pamoja na upungufu wake. Halmashauri iliahirisha mkutano wa Injili. Fedha za jenereta ziliwekwa kando. Wazee waligawanyika wawili wawili, na kila wawili walipewa vitongoji vyao. Hawakupewa vijitabu wala mfuko wa zawadi. Walitumwa kuuliza maswali mawili kwa kila nyumba, iwe ya Mkristo au isiyo ya Mkristo: kuna mtu wa kanisa letu anayedaiwa na nyumba hii? Na kuna jambo ambalo nyumba hii inalijua ambalo kanisa lingefaa kujifunza?

Wazee wawili walikataa wakisema huko ni kujitafutia fedheha. Hatukuwalazimisha. Waliokwenda walirudi na mambo mengi, mengine ya kuchekesha. Palikuwa na madeni ya kuku, ya debe la maharage, ya mchango wa arusi uliotangazwa hadharani na haukuletwa. Palikuwa na mpaka wa shamba uliosogea kidogo kidogo miaka tisa, nao uliingia hadi kwenye kiwanja cha kanisa lenyewe. Hilo lilituuma. Tuliita serikali ya kijiji, tukapima, na ua wa minyaa ukang'olewa upande wa mashariki na kurudishwa ndani hatua kumi na moja. Mwenye shamba ni mzee asiyekanyaga kanisa. Alisimama akitazama kazi yote, akasema tu kwamba minyaa hutoa utomvu mbaya, tuoshe mikono kabla ya kugusa macho. Kisha akaagiza watoto wake walete maji.

Tuliyanywa maji hayo.

Katika swali la pili tulijifunza kwamba mama mmoja jirani, mkunga wa jadi, hujua nyumba zote zenye watoto ambao hawajapelekwa kupimwa uzito, na ya kuwa hajawahi kuulizwa na mtu wa kanisa. Sasa yeye ndiye anayewaongoza akina mama wa Umoja wanapotembelea, wala si wao wanaomwongoza yeye. Bado hajaamua jambo lolote juu ya imani, nasi hatumsukumi. Anatuita watoto wake, na hutukemea tukichelewa.

Juu ya vibarua, tuliwaomba wenye kudaiwa walete kwa mtunza hazina, kwa siri, bila maswali. Tulidhani hakuna atakayekuja. Walikuja wanne. Watatu kati ya waliokuwa wakidai walipatikana kupitia watu wa soko la mpakani, wakalipwa mbele ya mashahidi, ingawa fedha ile haikuwa na thamani ya mwaka ule walipolima. Mmoja alipokea, akahesabu, akauliza ni kanisa gani, akaenda zake.

Wa nne hajapatikana. Alilima na kupalilia ekari mbili, akaondoka usiku. Aliyemnyima sasa ni mzee na mgonjwa, naye ndiye aliyelia sana katika kikao. Fedha zimo ndani ya bahasha katika sanduku la kanisa, na juu yake limeandikwa jina moja tu la ubatizo, kwa kuwa ndilo tu alilolikumbuka. Twawaomba wainjilisti wa mitaa ya mpakani, na yeyote kati yenu mwenye ndugu ng'ambo, mwulize vijana waliokuja kulima upande wetu miaka hiyo. Atakayeweza kutaja mahali shamba lilipo, mti uliosimama katikati yake, na chakula alichopewa siku ya kwanza, aje kwa mtunza hazina siku yoyote, si lazima iwe Jumapili. Mlango wa upande ule ulioondolewa ua sasa uko wazi.